Kukusanya Rivolva za Kale za Magharibi ya Marekani: Jifunze Kusoma Chuma Kabla ya Kutoa Pesa

Rivolva ya kwanza niliyonunua ilikuwa inang'aa kama sinia la harusi. Ilikuwa Remington New Model Army, ile ya .44 ambayo wengi huiita "ya 1858" kwa sababu ya tarehe ya hataza (haki ya uvumbuzi) iliyogongwa juu ya mtutu, ingawa toleo hilo lilianza kutoka kiwandani Ilion, jimbo la New York, mwaka 1863. Muuzaji alijisifu kwamba ameisugua mpaka ikawa mpya. Sikujua kwamba hapo ananipa sababu ya kutoinunua. Maandishi ya mtutu yalikuwa yamelika, herufi nyingine hazisomeki. Kona za fremu zilikuwa zimeviringika kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Nilimpelekea mkusanyaji mmoja mzee ninayemheshimu. Akaishika kwa kitambaa, akaigeuza mara mbili, akanirudishia na kusema neno moja tu: imefutwa.

Neno hilo lilinifundisha kuliko vitabu vyote nilivyosoma baadaye. Rivolva ya kale ni hati, na maandishi yake yako juu ya ngozi ya chuma: rangi ya kiwandani iliyobaki kwenye mifereji ya silinda, mihuri ya wakaguzi, namba, mikwaruzo ya mfuko wa ngozi, hata kutu. Anayeisugua anaifuta. Anayenunua bila kujua kuisoma ananunua karatasi tupu kwa bei ya hati. Hatua ninazoeleza hapa zinalenga jambo hilo moja, usome kwanza kisha ndipo ulipe.

Naandika nikiwa Marekani, na nawaandikia kwanza wenzangu wa lugha yetu waliohamia huku, maana ndiko rivolva hizi ziliko kwa wingi. Walioko kwingine nitawagusia kwenye sheria.

Hatua ya kwanza: ujue mwaka 1898 una maana gani

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inayodhibiti silaha inasema kwamba bunduki au bastola iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale, na haihesabiki kuwa silaha ya moto kwa maana ya sheria hiyo. Ndiyo maana inaweza kuuzwa kati ya watu wawili bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Kinachohesabiwa ni mwaka ambao fremu ilitengenezwa. Ukikuta fremu ya 1895 iliyofungwa mtutu mpya, bado ni ya kale. Fremu ya 1903 yenye mtutu wa zamani si ya kale hata kidogo. Kwa Colt Single Action Army, ile ya 1873, wakusanyaji huchukulia kwamba namba zilizo chini ya 182,000 hivi ni za mpaka 1898.

Hiyo ni sheria ya shirikisho. Majimbo na miji ina sheria zake, na mengine ni makali, hasa kwa rivolva ambazo risasi zake bado zinauzwa madukani. Kama hujapata uraia, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya kununua chochote. Jambo dogo kwa raia linaweza kuwa kubwa kwa mwenye viza.

Walioko Kanada wana kipimo kingine. Huko lazima bastola iwe imetengenezwa kabla ya 1898, na pia isiwe ya kaliba (kipimo cha risasi) fulani zilizotajwa kwenye kanuni. .45 Colt na .44-40 zimo kwenye orodha hiyo ya kukatazwa, kwa hiyo Colt ya 1873 ambayo Mmarekani ataiita ya kale bila wasiwasi, Kanada ni bastola ya kawaida, na tangu Oktoba 2022 uuzaji wa bastola za kawaida kati ya watu binafsi umesimamishwa. Smith & Wesson ya .44 Russian huko inapita. Uingereza nayo, kaliba hiyohiyo ya .44 Russian iliondolewa kwenye orodha ya risasi zilizopitwa na wakati mwaka 2021, ikawa inahitaji cheti. Chuma ni kilekile. Mpaka ndio unaokigeuza jina.

Na nyumbani? Usiipakie rivolva kwenye begi la kwenda Nairobi au Dar es Salaam ukidhani umri wake utakutetea. Kabla ya kufikiria jambo hilo, uwe na kibali cha maandishi kutoka Bodi ya Leseni za Silaha ya Kenya, au Jeshi la Polisi kwa Tanzania. Hata kwa safari ya ndani ya Marekani, uwanja wa ndege hauulizi imetengenezwa lini. Inatangazwa kaunta, inafungwa kwenye kasha gumu lenye kufuli, na inaenda na mizigo ya chini.

Kuna jambo la pembe ambalo kwetu lina uzito wake. Baadhi ya rivolva hizi zina vishikio vya pembe ya ndovu. Kiwanda cha Colt kilikuwa Hartford, kando ya mto Connecticut, na ukishuka mto huohuo unafika Deep River na Ivoryton, miji iliyoishi kwa kukata pembe kuwa vitana na vibao vya piano. Pembe nyingi za miji hiyo zilinunuliwa Unguja. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulisainiwa 1833, na ubalozi mdogo ukafunguliwa Unguja 1837. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa tulichokiita merikani na kuondoka na pembe zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka Tabora na Ujiji. Nikishika kishikio cha pembe kilichogeuka rangi ya maziwa ya mgando, siwezi kuwaza Texas peke yake. Kisheria, tangu 2016 biashara ya pembe za ndovu wa Afrika kuvuka majimbo ya Marekani imebanwa sana, na vitu vya kale vinapita kwa masharti ya ushahidi wa umri. New York, New Jersey na California zina makatazo yao juu ya hayo. Kuvusha mpaka wa nchi kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kama unaanza, chagua kishikio cha mbao au cha mpira mgumu, ujipunguzie mzigo.

Hatua ya pili: chagua tawi moja

Anayenunua kila anachokiona huishia na sanduku la vyuma visivyojuana. Historia yenyewe imegawanyika katika matawi, na ukiijua kidogo utajua moyo wako unaelekea wapi.

Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1836 na kufungua kiwanda Paterson, New Jersey, kikaanguka baada ya miaka michache. Kilichomwinua ni vita vya Meksiko. Kapteni Samuel Walker, aliyekuwa na walinzi wa Texas, alitaka bastola kubwa zaidi, na mwaka 1847 zikatoka Colt Walker 1,000 za jeshi na 100 za raia. Hiyo ina uzito unaopita kilo mbili, na leo si ya mkusanyaji wa kawaida: mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.84. Ikafuata Navy ya 1851, kaliba .36, ambayo silinda yake imechongwa picha ya mapigano ya meli za Texas na Meksiko huko Campeche mwaka 1843. Halafu Army ya 1860, kaliba .44. Hizi zote ni za fataki. Wazee wetu waliojua bunduki za fataki wangezielewa mara moja: baruti na risasi zinashindiliwa mbele ya kila tundu la silinda, na nyuma fataki inavalishwa juu ya kifa.

Kilichobadilisha mambo ni hataza ya Rollin White ya mwaka 1855, juu ya silinda iliyotobolewa tundu lake kutoka mbele mpaka nyuma ili risasi kamili iingie kwa nyuma. Smith & Wesson wa Springfield, Massachusetts, waliinunua haki hiyo wakimlipa White senti 25 kwa kila rivolva, na kuanzia 1857 wakawa wanatoa rivolva za risasi kamili huku wengine wote wakibaki na fataki. Hataza iliisha mwaka 1869. Ndiyo maana kuna tawi zima la rivolva za fataki zilizogeuzwa ziingie risasi, zilizotoka Colt miaka ya mwanzo ya 1870. Mimi naliona hilo ndilo tawi tamu kuliko yote, kwa sababu mkononi unashika kiwanda kikiwa katikati ya kubadilisha mawazo yake.

Smith & Wesson walitoa Model 3, inayokunjuka kati, mwaka 1870. Colt wakajibu na Single Action Army ya 1873, na jeshi likanunua takriban 37,000. Hizo ndizo walizobeba askari wapanda farasi, wakiwemo wale weusi wa vikosi vya 9 na 10 vilivyoundwa 1866, ambao wengi wao walikuwa wametoka utumwani miaka michache tu nyuma. Sinema za zamani ziliwasahau. Mkusanyaji asiwasahau.

Lakini ushauri wangu kwa anayeanza si Colt ya 1873. Anza na zile ndogo: Smith & Wesson za .32 na .38 zinazokunjuka, au za Harrington & Richardson, Iver Johnson, Hopkins & Allen na Forehand & Wadsworth. Ni za mamia ya dola, si maelfu. Na ukweli ni kwamba mwenye duka, mpishi wa reli, mjane mwenye nyumba ya wageni Kansas, hao ndio hasa waliokuwa na bastola za namna hii kwenye mtoto wa meza. Zilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo utaweza kuona kumi kabla ya kununua moja, na kuona kumi ndio shule yenyewe. Angalia tu mwaka, maana nyingi ya kampuni hizi ziliendelea kuzitengeneza baada ya 1898.

Hatua ya tatu: uzoeze macho kwa zilizo salama

Usianze kujifunza kwenye meza ya muuzaji. Nenda kwanza mahali ambapo hakuna anayetaka pesa yako. Mjini Hartford kuna Wadsworth Atheneum, iliyoachiwa mkusanyiko wa familia na Elizabeth Colt, mjane wa Samuel, na Museum of Connecticut History yenye vitu vilivyotoka kiwandani. Cody, Wyoming, kuna Cody Firearms Museum. Los Angeles kuna Autry Museum. Simama mbele ya kabati moja nusu saa. Tazama pembe za fremu zilivyo kali. Tazama herufi zilivyoingia. Tazama jinsi mbao za kishikio zinavyokutana na chuma bila ukingo. Piga picha kama wanaruhusu. Ukirudi mara ya pili utaanza kuona tofauti ambazo mara ya kwanza hukuziona.

Hatua ya nne: hakikisha haina kitu ndani

Hili halina mjadala. Rivolva za fataki zimekuwa zikipatikana kwenye dari za nyumba zikiwa bado zimeshindiliwa tangu enzi za babu wa babu, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi. Muombe mwenyewe ruhusa ya kuishika. Elekeza mtutu pasipo na mtu. Kidole kikae mbali na kifyatulio.

Kwa ya risasi, fungua mlango wa nyuma au ikunjue, na utazame kila tundu. Kwa ya fataki, tazama kwanza kama kuna fataki juu ya vifa. Kisha chukua kijiti cha mbao, mdeki mdogo, ukipitishe taratibu kwenye tundu la silinda kutoka mbele, weka alama kina chake, halafu kipime kwa nje. Kijiti kikisimama kabla hakijakaribia nyuma ya silinda, tundu lina kitu. Hapo uiweke chini na kumwita fundi wa bunduki. Usijaribu kuichokonoa.

Na usiifyatue tupu kusikia mlio wake. Springi ya miaka 140 ikivunjika, umeinunua.

Hatua ya tano: isome

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na ndipo pesa inapookolewa. Chukua lenzi ya kukuzia, tochi ndogo, na glavu za pamba. Mimi hufuata utaratibu uleule kila mara ili maneno ya muuzaji yasinichanganye.

Naanza na skrubu. Kichwa cha skrubu kilichochanika kinasema mtu aliifungua kwa bisibisi isiyoifaa. Skrubu moja iliyochanika si msiba, zote zikichanika jiulize alikuwa anafanya nini humo ndani. Kisha natazama tundu la skrubu. Likiwa na ukingo uliozama kama kisahani, chuma kimesuguliwa kwa mashine.

Halafu maandishi. Colt ya 1873 ina tarehe za hataza upande wa kushoto wa fremu: za mwanzo zina Septemba 19, 1871 na Julai 2, 1872, na baadaye ikaongezwa Januari 19, 1875. Usisome maneno tu, soma na kina. Herufi iliyogongwa kiwandani ina ukingo mkali, na kwenye chuma ambacho hakijaguswa hata unyanyuko mdogo wa pembeni unaweza kuusikia kwa ukucha. Herufi hafifu upande mmoja na nzito upande wa pili ina maana kwamba sehemu ile imesuguliwa zaidi. Na herufi kali mno juu ya chuma kilichojaa vishimo vya kutu ni dalili mbaya kuliko zote: kutu ilitangulia, muhuri ukafuata.

Kisha namba. Kwenye Colt za fataki, namba hurudiwa kwenye fremu, mtutu, silinda, kingo cha kifyatulio (chuma kinachokizunguka), mgongo wa kishikio, mpaka kabari inayoshika mtutu. Kwenye ile ya 1873 zipo chini ya fremu, kwenye kingo na kwenye mgongo wa kishikio, na za mwanzo zina namba kwenye mtutu na silinda pia. Zikilingana zote, thamani hupanda sana. Lakini usiwe mtumwa wa kulingana. Kuanzia 1895 jeshi lilirudisha maelfu ya Colt zake ili mitutu ya inchi 7½ ipunguzwe kuwa inchi 5½, na mafundi walizifungua na kuziunga bila kujali namba. Hizo wakusanyaji huziita Artillery, na namba zilizochanganyika ndizo sahihi kwake. Nimewahi kuona moja yenye namba zote zinazolingana ikisifiwa kwa sauti kubwa mezani, na kulingana kule ndiko kulikonitia shaka.

Mihuri ya jeshi inataka uangalifu wa peke yake, kwa sababu herufi mbili "US" kwenye fremu zinaweza kuongeza thamani mara kadhaa, na muhuri wa uongo si kazi ngumu kwa mwenye nyundo. Lazima mihuri ishuhudiane. Mkaguzi aliweka herufi za jina lake kwenye chuma na kwenye mbao za kishikio: OWA ni Orville Ainsworth wa miaka ya mwanzo, DFC ni David F. Clark, RAC ni Rinaldo Carr wa miaka ya 1890. Ukikuta Ainsworth kwenye namba ya miaka ya 1890, mwongo amesahau kalenda.

Rangi ndiyo inayodanganya wengi. Buluu ya kiwandani huondoka kwa mpangilio wa matumizi: kwanza mdomo wa mtutu na kona zinazosuguana na mfuko, kisha mgongo wa kishikio, na hubaki muda mrefu kwenye mifereji ya silinda na mahali penye kivuli. Ukikuta buluu imejaa kila mahali sawasawa, hata ndani ya vishimo vya kutu, imepakwa upya. Fremu nyingi za Colt zilichomwa pamoja na mkaa wa mifupa zikatoka na mawimbi ya rangi kama mafuta juu ya maji. Jua na mikono huzififisha kuwa kijivu cha fedha, na mawimbi hubaki karibu na nyundo na sehemu zilizofichika. Mawimbi yanayong'aa juu ya kona zilizolika ni ya jana. Kwa Smith & Wesson zilizopakwa nikeli, tazama nyundo, kifyatulio na kingo chake. Kwa kawaida kiwanda hakikuvipaka nikeli hivyo. Ukiviona vyote vinang'aa nyeupe, huenda imepakwa nje ya kiwanda.

Mwisho naangalia kama si nakala. Tangu mwisho wa miaka ya 1950, viwanda vya mkoa wa Brescia, Italia, vimekuwa vikitengeneza nakala nzuri sana za Colt na Remington, na kazi yao ni halali kabisa. Tatizo ni anayefuta mihuri, kumwagia tindikali, na kuuza kama ya kale. Nakala halali ina alama za majaribio za Italia, mara nyingi nyota, herufi PN kwa baruti nyeusi, na mwaka uliofichwa kwenye kisanduku kidogo: tarakimu za Kirumi mpaka 1974, kisha herufi mbilimbili, AA ikiwa 1975. Tafuta mahali palipokwanguliwa ambapo alama hizo hukaa. Na Colt yenyewe ilirudi kutengeneza ya 1873 mwaka 1956 ikiweka herufi SA nyuma ya namba, halafu mbele ya namba kuanzia 1978. Ukiona SA, si ya karne ya 19.

Hali ya rivolva huelezwa kwa ngazi za NRA, chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, kwa silaha za kale, kutoka Factory New na Excellent mpaka Fair na Poor. Muuzaji akisema "nzuri sana kwa umri wake", muombe ataje ngazi.

Hatua ya sita: omba barua ya kiwanda

Colt wana idara ya kumbukumbu ambayo, kwa ada, husoma daftari za usafirishaji na kukuandikia: namba hii ilitoka tarehe fulani, kaliba fulani, mtutu wa urefu huu, rangi hii, ikapelekwa kwa mfanyabiashara huyu. Smith & Wesson wana huduma kama hiyo kupitia taasisi yao ya kihistoria. Kumbukumbu za Colt za fataki hazikamiliki, na kampuni nyingi ndogo hazina barua kabisa, hivyo usishangae. Barua ikisema ilitoka na buluu na wewe unashika ya nikeli, umejua. Ikisema inchi 7½ na mtutu ni 4¾, umejua pia.

Barua haisemi nani aliibeba. Hapo ndipo hadithi zinapoingia: ilikuwa ya jambazi fulani, ilikuwa ya askari wa Custer, yule kamanda maarufu wa jeshi. Mfano wa hadithi iliyothibitishwa ni Colt ya sherifu Pat Garrett, aliyompiga nayo risasi na kumuua jambazi Billy the Kid huko Fort Sumner Julai 1881. Mwaka 2021 iliuzwa Bonhams kwa zaidi ya dola milioni sita. Thamani hiyo ilisimama juu ya mlolongo wa umiliki unaofuatika, ukiwemo ushahidi wa mahakamani, maana mjane wake aliipigania kwa kesi akaipata. Kama hadithi ya rivolva unayoonyeshwa imeandikwa kwenye karatasi moja iliyosainiwa na mjukuu miaka themanini baadaye, lipa bei ya rivolva, hadithi uichukue bure.

Hatua ya saba: nunua

Kuna maonyesho makubwa, kama ya silaha za kale Las Vegas kila Januari na yale ya Tulsa, Oklahoma, ambako utashika vitu vingi kwa siku moja. Kuna minada, na hapo soma masharti: juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotangazwa, huongezwa asilimia ya mnada, na mwenye kusahau hilo hujikuta amepita bajeti. Kuna familia zinazouza mali ya marehemu. Hao uwaambie ukweli wa thamani hata kama hawaujui. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu nimeona watu wakijisifu kumlipa mjane dola mia kwa kitu cha elfu tano, na mkusanyiko uliojengwa hivyo sitaki hata kuutazama.

Muombe muuzaji risiti inayotaja mtengenezaji, toleo, namba, kaliba, madai yote aliyotoa, na muda wa kurudisha. Anayekataa kuandika alichosema kwa mdomo amekujibu. Kama ni ya maelfu ya dola, mlipe mtaalamu asiye na uhusiano na muuzaji aitazame kwanza.

Hatua ya nane: itunze bila kuifuta

Kazi yako ni kuifanya ibaki ilivyo. Usipitishe msasa, brashi ya waya, dawa ya kung'arishia shaba, wala kemikali ya kuondoa kutu. Futa vumbi, pitisha mafuta mepesi ya bunduki kwa kitambaa cha pamba, kisha ufute mpaka yabaki kama hayapo. Kwa nje, nta nyeupe inayotumiwa na makumbusho huzuia jasho la vidole. Kutu nyekundu iliyo hai iloweke mafuta siku kadhaa, halafu uikwangue polepole kwa kipande cha shaba, maana shaba ni laini kuliko chuma cha rivolva. Kutu ya kahawia iliyotulia iache. Hiyo ni rangi ya uzee.

Usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi, hata kama ni wa asili. Ngozi hubeba unyevu na kemikali za kutengenezea, na baada ya miaka miwili utakuta chuma kimeumwa mahali kilipogusana nayo. Viweke mbalimbali. Kabati liwe na kufuli ambalo watoto hawana ufunguo wake, unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 50, na pembe isikae karibu na joto, hupasuka. Kupiga risasi sishauri. Vyuma vya enzi ya baruti nyeusi havikutengenezwa kwa msukumo wa baruti za leo, na Colt yenyewe haikutoa dhamana ya baruti isiyo na moshi mpaka karibu na 1900.

Kisha andika. Kila rivolva iwe na kadi: namba, vipimo, ulinunua kwa nani na lini, bei, picha za pande zote na za kila muhuri, nakala ya barua ya kiwanda. Nakala moja ikae mbali na nyumba, kwa mdogo wako au benki, kwa ajili ya bima na moto. Na umwonyeshe mkeo au mumeo kadi hizo ziko wapi na zinasema nini. Kwenye kila kadi yangu, chini kabisa, nimeandika kwa wino mwekundu, kwa Kiswahili ili wanangu wasome wenyewe: "Msiisugue."